Pijo Lililokwenda Kibos Kumchukua Mastura

Tangu nirudi hakuna anayepita kibandani kwangu akaniacha nifanye kazi. Mmoja anataka kujua kwa nini nilikaa siku saba wakati niliaga kwa siku tatu. Mwingine amesikia nimeolewa na mzee wa Kinubi na ananiuliza mahari ilikuwa nini. Nimechoka kusimulia nusu nusu huku nimeshika nyundo. Naandika yote hapa, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome, aniache.

Kwa asiyenijua, mimi ni Nekesa, ila Kongo nzima, hapa kwetu Kawangware, inaniita Mama Breki. Nafunga breki za magari ya zamani, yale ambayo vipuri vyake havipatikani tena dukani. Brek shuu, kile chuma kinachobana gurudumu kutoka ndani, ikilika siitupi. Nakwangua laini ya zamani, ule ukanda wake wa kushikia, nakata laini mpya kutoka ile ya lori, naipigilia ribiti, halafu naisugua hadi ikae sawasawa ndani ya drum, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Aliyenifundisha ni Fundi Odhiambo. Mnamjua: ndiye yule anayekaa kivulini mbele ya kibanda changu, mikono ikimtetemeka, akikosoa kila kitu.

Wengi hamjui kwa nini Odhiambo aliondoka Kibera. Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa na kibanda chake Sarang'ombe. Siku moja Pijo, lile gari kuukuu la Kifaransa la Mzee Hamisi wa Makina, humo humo Kibera, lilikosa breki kwenye mteremko, likagonga ukuta wa duka. Dada yake Hamisi, Mastura, alikuwa amekaa mbele, akavunjika nyonga. Hamisi aliambia watu kwamba breki zilifungwa na Odhiambo. Watu wakambomolea Odhiambo kibanda na kutawanya vyombo vyake, akahamia kwetu Kawangware na spana tatu. Aliniambia mara moja tu, "Mimi sikufunga hiyo breki. Nilifungua, nikamwambia asitoe gari." Mimi nilimwamini. Lakini kuamini si ushahidi, na hadi leo kuna wateja wa Kibera wanaoniuliza kama mkono wa Odhiambo umegusa gari lao.

Kongo hadi Makina

Ndipo siku moja Pijo lile lile likaingia Kongo likivutwa kwa kamba.

"Niaje, Mama Breki," akapaza sauti jirani yangu wa kuchomelea. "Hiyo ni gari ama ni safina ya Nuhu?"

Odhiambo alilitambua kabla halijasimama. Niliona akishika kiti chake kwa mikono miwili. Hakusalimia, na Hamisi hakuthubutu kuangalia upande ule. Akanijia mimi moja kwa moja, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe na shati lililopigwa pasi kama la kwenda mahakamani.

"Dada yangu anataka kurudi kukaa nyumbani Makina," akasema. "Ako Kibos, hapo Kisumu, tangu ile ajali. Amesema atakuja na gari ya baba yetu ama hatakuja. Na breki zifanywe na wewe. Na wewe mwenyewe uwe ndani ya gari."

"Ananijua wapi?"

"Sijui. Mastura ukimuuliza kitu anakukatia simu."

Nikageuka nimtazame Odhiambo. "Fanya kazi yako," akaniambia, macho yake yakiwa barabarani.

Hapa kwetu aliyefunga breki ndiye hupanda wa kwanza gari likijaribiwa. Fundi anayempa mteja ufunguo akabaki amesimama akipunga mkono, huyo tunamjua alivyo. Kwa hiyo sharti la Mastura sikuliona geni, isipokuwa majaribio yetu hufika Dagoretti Corner, si Kibos. Nilikubali siku hiyo hiyo. Nilijiambia kwamba yule mama akipanda Pijo lile na kufika Kibera salama kwa breki za mwanafunzi wa Odhiambo, hakuna mtu atakayelitia doa tena jina la mwalimu wangu. Sikumwambia mtu yeyote.

Nilifanya kazi wiki mbili. Nilifungua magurudumu yote manne, nikabadilisha raba zote za breki, nikapeleka drum zikachongwe. Kila brek shuu niliipitisha ndani ya drum iliyopakwa chaki, nione inagusa wapi na haigusi wapi, nikasugua, nikapaka chaki tena. Odhiambo hakusogea karibu. Siku ya kumi alisema tu, "Ya mbele kulia bado inagusa upande mmoja," na alisema kweli, mzee yule.

Siku ya kuondoka tulipita Makina kupakia zawadi. Mkwe wake Hamisi alijaza kikapu: tende, kahawa, sukari, na mafuta ya kupikia ya kupimiwa dukani, ndani ya chupa ya maji. Mimi nilikuwa na mafuta yangu ya breki ya akiba, niliyoyapunguza kutoka kopo kubwa, nayo ndani ya chupa ya maji. Chupa moja na nyingine ni mapacha, na rangi ya mafuta ni ile ile. Kawangware sisi wote hufanya hivyo, kwa sababu kila fundi anajua chupa yake. Nikaiweka kwenye buti, kando ya kikapu.

Makina hadi Mai Mahiu

Tulianza kugombana hata kabla ya kufika Kangemi. Hamisi ni dereva wa zamani, na madereva wa zamani wakiona mteremko hutoa gia, gari liteleze lenyewe, ati petroli isiishe.

"Rudisha gia," nikamwambia tena tulipoanza kushuka kuelekea Mai Mahiu.

"Hii gari nimeiendesha kabla hujazaliwa."

"Na breki nimezifunga juzi. Ukishuka hivi, breki peke yake ndiyo inashika gari yote. Drum itashika moto na utakanyaga hewa. Rudisha gia ama nishuke."

"Utashuka wapi, kwa korongo?"

Nikafungua mlango gari likiwa linatembea. Sikuwa natania, na aliona. Akarudisha gia, akanuna kilomita nzima.

Nusu ya njia nilimsimamisha ili drum zipoe. Mama mmoja alikuwa akichoma mahindi pale ukingoni, na Bonde la Ufa lote likiwa chini yake, wala yeye halitazami. Alituona tumenuniana, akanipa hindi kubwa zaidi.

"Mama, vumilia," akaninong'oneza. "Wazee wakioa wasichana wanakuwa hivyo. Atazoea."

Nilimwambia mimi ni fundi. Akacheka hadi akashika kiuno. Hamisi naye, badala ya kunitetea, akaomba limau na pilipili zaidi.

Mai Mahiu hadi Nakuru

Karibu na Gilgil polisi wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka gari mara mbili bila neno, mikono nyuma.

"Mzee, hii kitu iko na breki?"

"Muulize fundi."

"Fundi ako wapi?"

"Si ndiye huyu."

Polisi alinitazama toka kichwani hadi viatuni. Akaamuru Hamisi arudi nyuma, aje kwa kasi, na akiinua mkono asimame. Mimi nilikaa mbele nikiwa nimeshika dashibodi, nikimwomba Mungu wa mama yangu. Mkono ukainuka, Hamisi akakanyaga, na Pijo likasimama limenyooka bila kuvuta kulia wala kushoto. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyefunga breki. Polisi akavua kofia. Kumbe marehemu baba yake alikuwa na gari kama lile. Tulikaa hapo saa nzima akipiga picha, mara amekaa kwenye usukani, mara ameegemea boneti, na magari mabovu kuliko letu yakipita bila kuulizwa kitu.

Nakuru tulilala kwa rafiki yake Hamisi. Tulipikiwa pilau, nami nikala kama mtu aliyelisukuma gari toka Nairobi. Kabla ya jua kuzama Hamisi alitoka nje kulitazama Pijo, na kijana mmoja fundi wa jirani akaja kuisifu injini yake. Nilisikia boneti ikifungwa. Sikuinuka. Nililala mapema.

Nakuru hadi Kericho

Asubuhi ilikuwa na ukungu na mvua nyembamba. Kabla ya Mau Summit lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, na tukakaa pale kwa muda wa saa tatu. Akina mama walitokea na birika za chai na viazi vya kuchemsha kabla hata ya polisi kufika. Hamisi alinisimulia jinsi baba yake alivyolileta Pijo lile Makina, na watoto wakalikimbilia hadi likakosa pa kuegeshwa. Alikuwa mcheshi siku hiyo, na nilianza kumpenda kidogo. Nawaambia ukweli ili mjue nilivyoumia baadaye.

Barabara ilipofunguka tukaenda vizuri kama saa moja hivi. Halafu nikahisi gari zito. Hamisi alikanyaga mafuta na injini ikalia, lakini mwendo haukuongezeka. Pedali ya breki ilikuwa imepanda juu na kukakamaa. Kisha ikaja ile harufu ya laini inayoungua, ambayo ninaijua hata usingizini.

"Simama," nikasema. "Breki zimejishika zenyewe."

Tulikuwa tumeingia Kericho kwa bahati. Tulijivuta hadi uani kwa mama mmoja, Chepkoech, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Nikafungua boneti, nikafungua kifuniko cha mafuta ya breki, nikanusa.

Palinukia jikoni, harufu ya chapati.

Nikatia kidole. Juu mafuta yalikuwa mazito na laini, na chini yake ndiyo yakawa ya breki. Nikaenda kwenye buti. Chupa yangu ilikuwa imejaa kama nilivyoiacha. Ile ya kikapuni ilikuwa imepungua vidole viwili. Kwa asiyejua: mafuta ya kupikia yakiingia kwenye breki, raba za ndani hufura, na zikifura mafuta hayarudi nyuma ukiachia pedali. Gari linajifunga lenyewe. Ukizidi kuendesha, raba zinaharibika kabisa na breki zinakwisha mahali usipotaka.

"Mzee," nikauliza, "nani alifungua hapa?"

Hamisi hakunitazama. "Labda ni yule kijana wa Nakuru. Si ulimsikia? Hawa mafundi wa siku hizi wanagusa vitu."

Nilisimama pale na mikono yangu yenye mafuta, nikaona mwaka ule wa zamani wote mbele yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu amefanya kosa dogo, akaogopa, akalisukumia kwa fundi ambaye hayupo kujitetea. Nilikasirika hadi masikio yakawaka.

"Huyo kijana ana jina?" nikamuuliza. "Ana kibanda? Ana watoto wanakula kwa hicho kibanda? Na alifunguaje buti, na ufunguo ulikuwa kwa mfuko yako?"

Alivua miwani yake akaanza kuifuta.

Kericho, siku mbili

Nilichukua mkoba wangu nikatembea hadi stendi ya mabasi. Nilisimama mbele ya basi la Nairobi hadi utingo akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nikafikiria Odhiambo ameketi pale kivulini, akiniona narudi peke yangu. Angeuliza breki zimefanya nini, na ningesema zimejifunga. Kibera yote ingesikia: breki za mwanafunzi wake nazo zimefeli. Nikaapa kwamba gari lile litafika Kibos hata kama nitalisukuma. Nikanunua spiriti, na mafuta ya breki mapya kwenye kopo lililofungwa kiwandani, nikarudi uani.

Chepkoech alikuwa ametuandalia chumba. Kimoja, na kitanda kimoja, na blanketi mpya juu yake.

"Huyu si bwana yangu," nikamwambia. "Ni mteja."

"Mteja?" akauliza, na uso wake ukawa mbaya zaidi.

Ilichukua muda na mswaki wa kusafishia drum kumweleza. Hamisi akalala ndani ya gari kwa hiari yake.

Kazi ilikwenda hivi. Nilitoa mafuta yote. Nilifungua silinda kubwa, ile inayosukuma mafuta ya breki, na raba yake ilikuwa imefura kama mkate uliochovywa chai. Nilikuwa nayo moja ya akiba, asante Odhiambo, ambaye hutukana kila anayesafiri bila raba. Nilisukuma spiriti ndani ya mabomba hadi ikatoka safi, nikayapuliza kwa upepo wa pampu ya jamaa wa kuziba pancha aliyekuwa hapo barabarani. Kisha nikafungua magurudumu manne, moja baada ya jingine. Mafuta ya kupikia hayakuwa yamefika huko, lakini sikutaka kubahatisha, nikasafisha kila silinda. Siku ya pili nilijaza mafuta mapya, nikamwita Hamisi akanyage pedali huku nikitoa hewa.

"Kanyaga. Shikilia. Achilia." Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwambia kwa siku mbili.

Alikanyaga bila kulalamika. Chepkoech alituletea ugali, mboga ya managu na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda. Hamisi alikula kidogo. Mimi nilimaliza sahani yangu na yake. Hasira haishibishi, na gurudumu la nyuma lilikuwa bado halijafungwa.

Nilipomaliza nilichukua ile chupa yangu isiyo na alama nikayamwaga mafuta yake kwenye debe la takataka la jamaa wa pancha. Kosa la Hamisi lilikuwa la Hamisi. Lakini mimi ndiye niliyeweka vitu viwili vinavyofanana mahali pamoja, na kumwachia mzee mwenye miwani achague.

Kericho hadi Kibos

Kutoka Kericho hadi Awasi ni kushuka, na kushuka, na kushuka. Pijo lilishuka kwa gia ya pili na pedali thabiti. Hamisi hakutoa gia hata mara moja. Joto la ziwa lilipoanza kutupiga usoni alisema, kama anayejiambia mwenyewe, "Atauliza."

"Atauliza nini?"

"Mastura huuliza kila kitu."

Ahero tulinunua samaki wa kukaanga, tukala tumesimama, kila mtu upande wake wa gari.

Kibos

Mastura alikuwa ameketi barazani kwa mpwa wake, fimbo magotini. Ni mdogo wa umbo, na macho yake hayapepesi. Hamisi alimsalimia kwa Kinubi, naye akaitikia, lakini alinitazama mimi.

"Wewe ndiye wa Odhiambo?"

"Ndiyo, mama."

"Breki zimefanya nini njiani?"

Ningeweza kusema hazijafanya kitu. Mmoja wenu amenilaumu, ati ndivyo ningepaswa kusema, apande tu tuje zetu. Lakini nilikuwa nimetoka mbali kwa ajili ya ukweli, na sikuona namna ya kuufikia kwa uongo.

"Zilijishika Kericho," nikasema. "Mafuta ya kupikia yaliingia kwa breki. Chupa yangu haikuwa na alama, hilo ni kosa langu. Nimefungua zote, nimesafisha, nimefunga upya."

"Nani alimwaga?"

Nikamgeukia Hamisi. Jibu hilo halikuwa langu. Mpwa wake alitoka na sinia ya chai, akaona nyuso zetu, akarudi nayo ndani.

"Ni mimi," akasema Hamisi. "Niliona imeshuka kidogo, nikataka kusaidia. Halafu nikamwambia huyu mama ni fundi wa Nakuru."

"Na ile siku ingine?"

Hamisi alivua kofia yake. Nilimwona kwa mara ya kwanza bila kofia, na alikuwa mzee sana.

"Odhiambo aliniambia nisitoe gari," akasema. "Alisema silinda ya nyuma inavuja, na raba itakuja Jumatatu. Nikamwambia ni hapo tu, narudi saa hii."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa mbele."

"Nilisikia?"

"Ulisikia."

Ndipo Mastura akanigeukia. "Nilisikia, mwanangu. Nilipotoka hospitali wakaniambia Odhiambo wamembomolea. Nikajua nikisema, watamgeukia huyu, na huyu ni tumbo moja na mimi. Nikanyamaza. Lakini singeweza kukaa Kibera nikisalimia watu na hiyo kitu ndani yangu. Watu wanasema naogopa gari. Mimi siogopi gari."

"Kwa nini ukaniita mimi?"

"Akisema mbele yangu peke yangu, tutaizika hapa hapa, mimi na yeye. Watu wa Kibera waliniambia Odhiambo ana mwanafunzi, nikataka mtu wake awepo asikie."

Mnadhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilitaka kumrushia fimbo yake. Miaka ishirini na miwili mtu anaitwa muuaji wa magari, na watu wawili wanajua, mmoja ameketi Makina na mwingine Kibos, wanapigiana simu za Idi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "mimi si wa kuambiwa. Mwenyewe ako hai. Anakaa pale Kongo kwa kiti ya plastiki. Mnaniambia mimi ndio nikambebee hayo maneno?"

Mastura aliegemea fimbo yake akainuka.

"Basi tutapita kwake kwanza," akasema. "Kabla ya nyumbani."

Jioni alinipikia gurusa, chapati nyembamba za Kinubi, kwa mchuzi wa nyama. Niliapa sitakula. Nilikula nne.

Kurudi

Tulipumzika siku moja, tukaondoka asubuhi. Mastura alizunguka gari kwa fimbo yake, akasimama kwenye mlango wa mbele muda mrefu hata nikadhani amebadili nia. Hamisi alikuwa ameshika usukani. Kisha Mastura akaingia, akavuta mlango mwenyewe.

"Endesha," akasema.

Kupanda hadi Kericho alikaa wima, mkono mmoja kwenye dashibodi. Kila mara Hamisi alipokanyaga breki niliona vidole vya Mastura vikikaza. Sikumwambia asiogope. Mtu haambiwi hivyo na aliyekaa nyuma. Tulisimama kwa Chepkoech tukanywa chai, na alipoona Hamisi amerudi na mwanamke mwingine tena, alitikisa kichwa tu akaongeza vikombe.

Baada ya Mau Summit barabara inashuka kuelekea Nakuru. Hapo niliona kichwa cha Mastura kikiegemea kioo, na mkono wake umeanguka mapajani.

"Nekesa," Hamisi akanong'ona. "Amefanya nini?"

"Amelala."

Machozi yalimtiririka akiendesha, hakuyafuta. Nilimwambia aangalie barabara, na akanyage taratibu. Breki zingeweza kukanyagwa vyovyote, lakini usingizi ule sikutaka uvunjike.

Tuliingia Kongo kesho yake alasiri. Odhiambo alikuwa mahali pake. Jamaa wa kuchomelea alizima mashine yake, na wengine wenu mlikuwepo, kwa hiyo msijifanye hamkuona. Mastura alishuka peke yake akakataa mkono wangu. Hamisi alisimama mbele ya kile kiti, kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo hata wauza mboga ng'ambo ya barabara walisikia:

"Odhiambo, uliniambia nisitoe gari. Nikatoa. Halafu nikasema ni wewe. Nilidanganya."

"Na mimi nilisikia ukimwambia," akasema Mastura. "Nikanyamaza. Nisamehe."

Odhiambo hakusema nimesamehe, wala hakusema sijasamehe. Aliinuka polepole, akaenda kwenye gari. Akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya gurudumu la kwanza, karibu na drum, akakaa nacho. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Magurudumu yakiwa na joto sawa, breki zinashika sawa. Hakuna mashine inayopima hivyo hapa kwetu. Sote tulisubiri.

"Nyuma kushoto iko na moto zaidi kidogo kuliko zingine," akaniambia. "Ulifunga haraka."

"Nilifunga Kericho, mwalimu, kwa mvua."

"Mvua haifungi breki." Akamgeukia Hamisi. "Unaenda Kibera saa hii?"

"Ndiyo."

"Utapita juu, barabara ya Olympic, ama utapita chini?"

"Unataka nipite wapi?"

"Pita Olympic, ushuke Sarang'ombe. Pole pole."

Mastura alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kuingia, ameacha kiti cha mbele wazi. Nikaingia kando yake. Odhiambo alikaa mbele, akavuta mlango, na kabla hatujatoka Kongo akashika ule mkono wa kioo akauzungusha hadi kioo kikashuka chote. Upepo na vumbi vilitupiga usoni sote, na Mastura akajifunika ushungi. Hakuna aliyemwomba apandishe. Ule mteremko wote wa Sarang'ombe, pale walipombomolea kibanda, alikaa na kiwiko nje na uso nje, akiwatazama watu mmoja mmoja, na kila aliyemtambua alipewa nafasi ya kumwona vizuri.